Nani Alibeba Risasi?

Vitabu vya sauti vya historia ya vita vina kasoro moja kubwa: vinasikika vizuri mno. Sauti nzito ya mzee wa Kiingereza, majina ya majenerali, mizinga ikinguruma kule mbali, na wewe uko kwa matatu umekwama Thika Road ukijiona kama una ramani yote ya Ulaya kiganjani. Unashuka ukiwa na hakika kwamba sasa unaelewa vita. Halafu mtu anakuuliza kaswali kadogo tu: ile mizinga ilifikaje pale, nani aliilipia, na farasi walioivuta walikula nini? Kimya. Kitabu hakikukuambia. Au kilikuambia, lakini kwa namna ambayo sikio halikushika.

Mimi ni mlaji wa hivi vitabu kwa miaka kadhaa sasa. Vya vita na vya uchumi, nusu kwa nusu. Nasikiliza nikipika, nikifua, nikienda kazini na kurudi. Nina maoni, na mengine hayana adabu. La kwanza ni kwamba historia ya vita bila historia ya pesa ni sinema ya masikio. La pili ni kwamba historia ya uchumi, ile watu huiogopa wakidhani ni dawa ya usingizi, mara nyingi hueleza vita vizuri kuliko vitabu vya vita vyenyewe. La tatu ni kwamba sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu wenyewe ya kudai hesabu, kwa maana katika hizi stori za vita sisi ndio tuliokuwa usafiri. Huko nitafika.

Tuanze na kitabu ambacho wasee wengi hupendekezewa kabla ya vingine. The Guns of August cha Barbara Tuchman kilitoka mwaka wa 1962. Kinahusu mwezi wa kwanza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Agosti 1914, na kinafunguka na mazishi ya Mfalme Edward VII jijini London, Mei 1910, wafalme tisa wakipita juu ya farasi. Kwa kusikiliza, kitabu ni kitamu. Tuchman alikuwa na kipawa cha kumchora mtu kwa sentensi mbili ukamwona amesimama mbele yako. Joffre wa Ufaransa, mnene, mtulivu, hakosi mlo wake hata nchi ikiungua. Moltke wa Ujerumani, mtu wa wasiwasi aliyerithi jina kubwa la ami yake na kulibeba kama mzigo. Rais Kennedy alikisoma mwaka huo huo kilipotoka, na kilimkaa akilini wakati wa mgogoro wa makombora ya Cuba mwezi wa Oktoba. Alichokiona mle ni kwamba mataifa yanaweza kuteleza hadi vitani hata kama hakuna aliyekusudia vita vya aina hiyo. Kitabu kinachomfanya mwenye kidole kwenye kitufe asite kidogo kinastahili heshima yake.

Lakini sikiliza zile sura za katikati. Wajerumani wanapita Ubelgiji. Jeshi la Kluck liko kulia kabisa, la Bülow linafuata, halafu la Hausen. Mto Meuse, mto Sambre, mto Oise, mto Marne. Kwenye karatasi kuna ramani, unairudia kila kurasa tano. Kwenye sauti hakuna ramani. Baada ya dakika ishirini hujui tena nani yuko kaskazini ya nani, na ubongo wako unafanya kile ambacho kila ubongo hufanya: unashika kilichobaki. Kilichobaki ni tabia za watu. Huyu jasiri, huyu mwoga, huyu ana kiburi. Ramani ikiondoka, vita vinageuka kuwa stori ya hulka za wazee wenye masharubu.

Basi Kluck anapogeuka kabla ya kufika Paris na kuacha ubavu wake wazi, sikio linajijibu: kiburi. Manze, kiburi kilikuwepo, sikatai. Lakini jeshi lake lilikuwa na farasi zaidi ya 80,000. Farasi hao walihitaji karibu kilo 900,000 za lishe kila siku. Reli za Ubelgiji zilikuwa zimeharibiwa, na mahali treni za Wajerumani zingeweza kufika palikuwa panazidi kuachwa nyuma kila askari walipopiga hatua. Askari wenyewe walikuwa wametembea kwa wiki kadhaa juani. Martin van Creveld aliandika kitabu kizima mwaka wa 1977, Supplying War, kuhusu jinsi majeshi yanavyolishwa, na sura yake ya 1914 ilibadilisha kabisa namna ninavyomsikia Kluck. Jenerali mwenye farasi wenye njaa hana uhuru mkubwa wa kuchagua.

Upande wa pili ni hivyo hivyo. Kila mtu anajua teksi za Paris, zile mia sita hivi zilizobeba askari kwenda Marne. Ni picha nzuri, inakaa kichwani. Lakini kilichomwokoa Joffre hasa ni treni. Alikuwa akirudi nyuma kuelekea reli zake mwenyewe, kwa hivyo aliweza kuhamisha vikosi kutoka mashariki hadi upande wa Paris wakati adui anatembea kwa miguu. Tuchman nimpe haki yake, treni zimo kitabuni mwake. Ila zimesomwa haraka, na teksi zimesomwa polepole. Kwenye kitabu cha sauti, kasi ya msomaji ndiyo inayokuambia kipi muhimu.

Hapo ndipo nina ugomvi na wasomaji wengi wa vitabu hivi. Sauti hubeba hoja hata kama msomaji hakukusudia. Akifika kwa jenerali wa Kijerumani anabadilisha lafudhi, anakuwa adui wa filamu. Akifika kwa Mfaransa anakuwa mhudumu wa mkahawa. Mwingereza peke yake ndiye anayeongea kama binadamu wa kawaida. Hakuna aliyeandika kwamba Waingereza ndio waliokuwa na akili timamu, lakini umeshasikia hivyo kwa saa kumi na tisa mfululizo. Na kitabu kikivuka bahari kuja huku kwetu, ndio balaa. Rufiji inatamkwa kama jina la dawa ya kikohozi. Taveta inapigwa mkazo mahali ambapo hakuna Mtaveta aliyewahi kuuweka. Msomaji amejifunza kutamka Przemyśl vizuri kabisa, jina ambalo linahitaji mazoezi ya wiki, lakini hakuona haja ya kumpigia mtu mmoja wa Tanga simu. Unajua uko wapi kwenye orodha ya mambo muhimu kwa kusikiliza tu ni majina gani yamefanyiwa mazoezi.

Sasa twende upande wa pesa. The Wages of Destruction cha Adam Tooze, 2006, ni historia ya uchumi wa Ujerumani chini ya Hitler. Kwa maoni yangu hakuna kitabu kinachoeleza Vita vya Pili vizuri zaidi, na ni vichache vilivyo vigumu hivi kusikiliza. Tooze anabomoa picha tuliyolishwa na filamu, ile ya Ujerumani kama mashine kubwa ya chuma isiyoshindika. Ujerumani ya miaka ya 1930 ilikuwa nchi yenye maisha ya chini kuliko Uingereza na ya chini sana kuliko Marekani, yenye mamilioni ya wakulima wadogo, isiyo na mafuta ya kutosha, isiyo na mpira, na iliyobanwa kila mwaka na uhaba wa fedha za kigeni. Hata jeshi lililoingia Muungano wa Sovieti mwezi wa Juni 1941, lile la vifaru vya kutisha, liliingia na farasi zaidi ya laki sita. Farasi tena!

Tooze anafuata hiyo hesabu hadi mahali pabaya kabisa. Chakula hakitoshi, kwa hivyo maofisa wanakaa mezani na kupanga kwamba jeshi litakula kutoka ardhi ya Sovieti, wakijua na kuandika kwamba mamilioni ya watu wa huko watakufa njaa. Mpango wa Njaa haukutungwa na mwendawazimu mmoja kwa hasira. Ulipigiwa hesabu na watu wenye shahada, kwa kalamu, kwa tani na kalori. Nilisimama kufua niliposikia sura hiyo. Kitabu cha vita cha kawaida kingekupa ukatili kama dhoruba iliyotoka mbinguni. Kitabu cha uchumi kinakuonyesha daftari, na daftari linatisha zaidi kwa sababu unaona kila mstari ulivyoandikwa.

Ila tatizo la sikio liko pale pale. Tooze anaandikia jicho. Tani za chuma kwa robo mwaka, asilimia zilizogawiwa jeshi la nchi kavu, zilizogawiwa ndege, zilizogawiwa manowari, kisha ulinganisho na mwaka uliotangulia. Kwenye karatasi unatazama jedwali unaelewa. Masikioni namba zinamwagika kama maharagwe kwa gunia lililotoboka. Dawa yake ni moja tu: punguza kasi. Najua kuna mtindo mjini wa kusikiliza kila kitu kwa kasi ya 1.75 halafu kutangaza Desemba kwamba umemaliza vitabu hamsini. Sawa, hongera. Lakini kitabu cha Tooze kwa kasi hiyo ni kelele. Sikiliza sura moja mara mbili, kwa kasi ya binadamu, na utatoka na kitu. Vitabu vitatu ulivyovishika vinazidi hamsini vilivyokupita kama matatu iliyojaa.

Nimegundua pia kwamba namba hukaa sikioni ikiwa ina mwili. Tani milioni kadhaa za chuma hazina mwili. Farasi laki sita wana mwili: wana harufu, wanakula, wanakufa kwenye matope. Mwandishi anayejua kazi yake anachukua namba moja kwa kila sura, anaivalisha ngozi, anairudia hadi uichukie. Zingine anaziacha kwenye kitabu cha karatasi, na hakuna atakayelia.

Marc Levinson anaijua siri hiyo. The Box, nacho cha 2006, ni historia ya kontena. Ndiyo, lile sanduku la chuma. Ukisikia maelezo hayo unaweza kusema asante, nitapita. Usipite. Kitabu kinafuata kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na sikio linapenda kitu kimoja. Tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo Ideal X inatoka Newark kwenda Houston ikiwa na masanduku 58. Mwenye wazo ni Malcom McLean, mtu wa malori ambaye hakuwa na mapenzi yoyote na bahari. Kutoka hapo unaona wapakizi wa bandarini wakipoteza kazi, bandari kongwe zikifa, na bidhaa zikianza kuzunguka dunia kwa bei ya kutupa. Yeyote aliyekaa nyuma ya lori la kontena pale Mlolongo, au aliyenunua jinzi Gikomba, au aliyetengenezewa simu ndani ya kontena lililokatwa dirisha, tayari ni mhusika wa kitabu hiki.

Na vita vimo. Marekani ilipopeleka askari wengi Vietnam kuanzia 1965, bandari zilizidiwa. Meli zilingoja baharini kushusha mizigo, na vifaa vilipotea au kuozea ufukweni. McLean alipewa mkataba, akajenga bandari ya kontena Cam Ranh Bay, na mambo yakanyooka. Kisha akajiuliza swali la mfanyabiashara: meli zangu zinarudi nyumbani tupu, kwa nini zisipitie Japani? Jeshi lilikuwa limeshalipia safari, kwa hivyo mzigo wa kurudi ulikuwa karibu faida tupu. Kwa njia hiyo vita vya Vietnam vilisaidia kufungua barabara ya bidhaa za Japani kwenda Marekani. Hakuna kitabu cha vita nilichosikiliza kilichowahi kuniambia hivyo.

Lakini hebu tuwe wakali kwa wote. Sura hiyo ya Vietnam ina ukimya wake. Tatizo ni msongamano, suluhisho ni sanduku, mwisho ni mafanikio. Kilichokuwa ndani ya masanduku kilienda kufanya nini? Waliokuwa upande ule mwingine wa risasi hawamo. Historia ya uchumi ikilewa ufanisi inaweza kusimulia vita kama foleni ya Mombasa iliyotatuliwa. Kwa hivyo sidai kwamba wanahistoria wa pesa ni malaika. Nadai kwamba kila kitabu cha vita kijibu maswali matatu: nani alilipa, nani alibeba, nani alilala njaa. Tuchman anajibu kidogo. Levinson anajibu la kwanza na la pili, la tatu analiruka. Tooze anajibu yote matatu, ila umtafute kwa tochi.

Kisha kuna kitabu ambacho ningekulazimisha usikilize kama ningekuwa na uwezo. Lords of Finance kilitoka 2009 na kushinda Pulitzer ya historia mwaka uliofuata. Mwandishi wake, Liaquat Ahamed, alizaliwa hapa Kenya. Sijui kwa nini hatuimbi jina lake kama tunavyoimba ya wanariadha. Kitabu kinafuata watu wanne waliosimamia benki kuu baada ya Vita vya Kwanza: Montagu Norman wa Uingereza, Benjamin Strong wa New York, Hjalmar Schacht wa Ujerumani na Émile Moreau wa Ufaransa. Norman alikuwa na mazoea ya kusafiri kwa jina la bandia, Profesa Skinner, ili magazeti yasimfuate. Hilo peke yake linakubeba hadi kituo cha mwisho.

Ahamed anaeleza kiwango cha dhahabu kwa namna ambayo mama yangu angeelewa. Nchi inapoteza dhahabu yake, sarafu inatetemeka, watu wanafutwa kazi mijini, na kumbe dhahabu yenyewe imesukumwa tu kwa kigari kutoka upande mmoja wa chumba cha chini cha benki hadi upande wa pili. Hapo sikio linacheka, kisha linaogopa. Maisha ya mamilioni yalining'inia kwenye safari ya kigari ya hatua chache.

Na vita? Vita ndivyo vilivyoandika lile deni. Mwaka wa 1921 Ujerumani ilipewa bili ya marki za dhahabu bilioni 132. Uingereza na Ufaransa nazo zilidaiwa na Marekani. Kila mmoja alitaka kulipwa na yule wa chini yake ili amlipe wa juu. Mwaka wa 1925 Churchill, akiwa waziri wa fedha, aliirudisha pauni kwenye thamani yake ya kabla ya vita, dola 4.86, kwa ajili ya heshima. Heshima hiyo ililipiwa na wachimba makaa ya mawe, ambao walitakiwa wakubali mshahara mdogo ili bidhaa za Uingereza ziuzike nje. Mwaka uliofuata nchi ilikuwa kwenye mgomo mkuu. Majenerali walishaenda zamani kuandika kumbukumbu zao.

Kuna tarehe mbili ambazo ningependa kila kitabu cha vita kizitaje kwenye ukurasa wa mwisho. Ujerumani ilimaliza kulipa dhamana zilizotokana na ile fidia tarehe 3 Oktoba 2010. Uingereza ililipa salio la mkopo wake wa vita tarehe 9 Machi 2015. Wengi tunaosoma gazeti hili tulikuwa tushazaliwa. Vita vilikwisha 1918, risiti zikaendelea kwa karibu miaka mia moja. Kizazi kilichosoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu mwezi wa Juni 2024 hakihitaji kufafanuliwa kwa nini hili si jambo la wazee wa benki peke yao. Tunajua deni la mtu mwingine linavyoweza kuingia jikoni kwako na kukaa kwenye bei ya mkate.

Sasa tuje nyumbani, maana nilisema nitafika. Vita vya Kwanza vilipiganwa pia hapa. Waingereza walivamia Tanga Novemba 1914 na kupigwa vibaya, na nyuki nao waliingilia vita hadi kila kitabu hulazimika kuwataja. Lettow-Vorbeck alizungushana nao miaka minne na kujisalimisha tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Kwenye vitabu vya sauti vya vita nzima, hii hupata dakika chache. Dakika hizo huenda kwa nani? Kwa nyuki na kwa Lettow-Vorbeck. Nyuki kwa sababu wanachekesha, Lettow kwa sababu ni jenerali mwerevu aliyewakimbiza Waingereza. Sinema ya masikio.

Weka swali la uchumi mezani uone kinachotokea. Mbung'o aliua farasi na ng'ombe. Barabara hazikuwepo, reli zilikuwa chache. Kwa hivyo mzigo ulibebwa kichwani. Piga hesabu nami, hii ni ya kwangu ya kuonyesha tu. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga. Anakula kilo moja kwa siku. Anatembea siku kumi kwenda, siku kumi kurudi. Amekula kilo 20. Kilichofika kwa askari ni kilo tano. Ukitaka kumfikishia askari mmoja kilo moja kila siku kwa umbali huo, unahitaji mpagazi mpya anayeondoka kila baada ya siku tano, na kila mmoja yuko njiani siku ishirini. Wanne kwa askari mmoja, kwa unga peke yake. Risasi bado. Dawa bado. Mizinga bado. Ongeza umbali hadi siku kumi na mbili na nusu, na mpagazi anamaliza mzigo wote mwenyewe. Hapo jeshi linaweza kufanya moja kati ya mawili: liache kusonga, au lipunguze anachokula mpagazi.

Sasa unaelewa kwa nini Waingereza waliandikisha zaidi ya milioni moja ya wapagazi. Unaelewa kwa nini mwaka wa 1917 John Ainsworth alipewa kazi ya kuzoa wanaume kijiji kwa kijiji. Unaelewa pia kwa nini wengi walikufa kwa kuhara na malaria na nimonia kuliko kwa risasi: chakula kidogo, unga usiopikwa ukaiva, baridi, mvua. Makadirio ya kawaida ya waliokufa upande wa Waingereza pekee yanakaribia laki moja. Mishahara ya wengi wao haikuwahi kufika nyumbani. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na kutoka hapo tukapata Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Tunaenda Kariokor kununua kiondo na kula nyama, tukilitaja jina la jeshi la watu wasio na bunduki.

Edward Paice aliandika vizuri kuhusu vita hivi katika Tip and Run, 2007, na Geoffrey Hodges kabla yake aliandika kitabu kizima kuhusu wapagazi. Kazi imefanywa. Kinachokosekana ni masikio: kitabu cha sauti, kwa Kiswahili, kinachoanza na kilo 25 kichwani badala ya kuanza na kofia ya Lettow-Vorbeck. Na hapa sitaki kusikia kwamba lugha yetu haijazoea historia ya vita. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya Wajerumani kuitwaa Mrima, watu wakiwa bado wana majeraha. Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga wa Maji Maji. Shaaban Robert akachukua Vita vya Pili vya Dunia vyote na kuvitia kwenye utenzi wa beti takriban 3,000. Huo ni muda wa kitabu cha sauti kabisa, na umbo lake lilizaliwa kwa ajili ya sikio: mizani inakusaidia kupumua, kina cha mwisho kinakurudisha njiani ukipotea. Waliotunga tenzi walijua tangu zamani kwamba msikilizaji hana ramani mkononi.

Sisemi tuandike historia ya wapagazi kwa beti, ingawa ukiwa na pumzi hiyo, tafadhali. Nasema mwandishi na msomaji wake wakae pamoja kabla ya kurekodi na waulizane kwamba bila jedwali na bila ramani, msikilizaji atashika nini. Wachague namba chache, wazivalishe miili, wazirudie. Majina ya mahali yatamkwe na mtu wa mahali. Ushahidi wa mpagazi usomwe kwa sauti nzima ya mtu mzima, bila kuigiza lafudhi ya kijijini. Na watumie dakika nyingi kwa lishe kuliko kwa masharubu.

Mpaka kitabu hicho kije, endelea kusikiliza hivi vilivyopo, na mimi nitaendelea pia. Lords of Finance kwanza, The Box ukiwa barabarani, Tooze ukiwa na wiki mbili na subira. Tuchman msikilize pia, ni mtamu, sikudanganyi. Ila kila jenerali akitoa amri ya kusonga mbele, simamisha kidogo uulize ni nani anainua mzigo ule, na amekula nini asubuhi.